Jinsi ya kubuni nchi na watu wa ulimwengu wa hadithi: anza na upepo

Mwandishi chipukizi anayetaka kutunga hadithi ya ulimwengu wa ajabu kwa kawaida huanza na mfalme, upanga na vita. Ramani huichora baadaye ili vita vipate uwanja. Watu wa kawaida, wale wanaolima, wanaofua na wanaouza samaki, huja mwisho au hawaji kabisa. Msomaji anaonyeshwa majumba ya dhahabu lakini haambiwi dhahabu ilitoka wapi, ilichimbwa na nani, na wachimbaji walikula nini.

Nashauri upite njia nyingine. Anza na upepo, mlima na maji. Uliza kila mahali kuna nini na kumekosekana nini, kisha ndipo uwalete watu. Naamini kabisa kwamba ulimwengu wa kubuni husimama pale ambapo kila jamii ina kitu ambacho jirani yake hawezi kuishi bila hicho. Mapenzi, usaliti, ndoa za kulazimishwa, vita na mapatano, vyote huchipuka hapo.

Nitajenga ulimwengu mmoja mdogo mbele yako, nao nitauita Tambiro. Kila nitakapoweka jambo kubwa nitataja pia nchi halisi iliyonifundisha, maana historia na jiografia yetu ni hazina ambayo watunzi wetu hawajaichota hata robo.

Andaa daftari, penseli, kifutio na karatasi ya manila. Kalamu ya wino iache kwanza, utafuta sana.

Hatua ya 1: Pima nchi kwa siku za kutembea

Usianze na kilomita. Wahusika wako hawana gari, kwa hiyo kwao umbali ni siku. Mtu mzima asiye na mzigo anaweza kwenda kilomita 30 kwa siku kwenye njia nzuri. Msafara wenye mizigo, watoto na wagonjwa huenda nusu ya hapo. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa kilomita 1,200 hivi, ilichukua miezi mitatu na mara nyingi zaidi. Ukiandika kwamba jeshi zima limevuka bara kwa wiki moja, msomaji aliyewahi kutembea ataacha kukuamini hapohapo.

Na nchi ndogo inatosha. Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo tu kando ya bara, lakini kiliishika biashara ya dhahabu iliyotoka upande wa Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, na kikapiga sarafu zake chenyewe. Msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alipofika mwaka 1331 aliuhesabu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona.

Tambiro yangu ina upana wa siku 20 za msafara: siku sita kutoka pwani ya mashariki hadi miguuni mwa milima, siku nane kuvuka milima, na siku sita za nyika upande wa magharibi. Andika namba hizi pembeni ya ramani na usizibadilishe ovyo, kwa sababu baadaye zitaamua nani ni tajiri.

Hatua ya 2: Chora mshale wa upepo, kisha mlima

Kabla ya kuchora mto hata mmoja, chora mshale mkubwa unaoonyesha upepo wenye mvua unatoka wapi. Upepo ukitoka baharini umebeba unyevu. Ukigonga mlima hupanda, hupoa na kumwaga mvua upande ule uliokutana nao. Ukishuka upande wa pili umekwisha kukamuliwa. Ndiyo sababu miteremko ya Uluguru na Usambara inayotazama Bahari ya Hindi ina misitu minene, huku ya nyuma ikiwa mikavu zaidi. Kilimanjaro nako, kusini kuna migomba, kahawa na mito, na kaskazini nchi ni kavu.

Kumbuka pia baridi. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mlima wa mita 4,000 uliopo nchi ya joto unaweza kuwa na minazi chini yake na barafu ya alfajiri juu yake, na mtu akaziona zote ndani ya siku chache.

Kama nchi yako ina bahari, amua upepo unageuka lini. Pwani ya Afrika Mashariki iliishi kwa kugeuka huko: kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ililetea bandari majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha baadaye. Mgeni aliyechelewa kuondoka alikwama miezi mingi. Akakwama, akapanga chumba, akaoa, akazaa. Pepo mbili tu, na tayari una ukoo mpya mjini.

Tambiro: upepo unatoka mashariki karibu mwaka mzima. Milima ya Halungo imelala kutoka kaskazini hadi kusini kama ukuta. Upande wa mashariki na juu yake ni ukungu na manyunyu, jua ni la kubahatisha. Nyuma yake iko nyika ya Dosi, jua kali mchana na baridi ya kutetemesha usiku. Pwani ya Lemba ina jua asubuhi, lakini kila alasiri hushuka mvua nyepesi.

Hatua ya 3: Ruhusu maji yafuate tabia yake

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kanuni ni chache. Mto hutoka juu kwenda chini. Mito huungana kadiri inavyoshuka, na ni nadra sana mto kugawanyika, isipokuwa karibu na mdomo wake, kama Rufiji inavyotawanyika katika delta yake. Mto hauunganishi bahari mbili. Si lazima ufike baharini: Okavango hufia katika mchanga wa Kalahari. Na ziwa lisilo na mto wa kutokea hukusanya chumvi na magadi karne baada ya karne, kama Natron na Eyasi.

Kanuni hiyo ya mwisho ni ya thamani kwa mtunzi, kwa sababu chumvi ni biashara. Chemchemi za chumvi za Uvinza, magharibi mwa Tanzania, zimechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na watu walizifuata kutoka mbali. Weka ziwa la chumvi kwenye ramani yako na njia za wafanyabiashara zitajichora zenyewe.

Tambiro: Mto Wembo unazaliwa Halungo, unateremka magharibi kwenye nyika, na unaishia Ziwa Chumbati, ambalo halina mto wa kutokea. Kandokando ya ziwa kuna gamba jeupe la chumvi. Pwani, kwa sababu ya mvua ya kila alasiri, maji ya bahari hayakauki vizuri kwenye mabwawa, kwa hiyo watu wanaoishi ufukweni wananunua chumvi kutoka nyikani.

Hatua ya 4: Andika kilichokosekana

Kwa kila sehemu ya ramani andika safu tatu: kilichopo tele, kinachopatikana kwa taabu, na kisichopatikana kabisa. Watunzi wengi huishia safu ya kwanza. Mimi ningekuomba ukae zaidi kwenye ya tatu, maana ukosefu husukuma watu kuliko wingi.

Mchukue mbung'o. Nzi huyu hueneza ugonjwa wa nagana unaoua ng'ombe na farasi. Katika sehemu kubwa za Tanganyika ya karne ya 19 mnyama wa kubeba mizigo hakudumu njiani, basi mzigo ulibebwa na binadamu, frasila mbili hivi kwa kila mtu, yaani kiasi cha kilo 32. Upagazi ukawa kazi yenye ujira na sifa, na Wanyamwezi wakawa mabingwa wake. Kijana aliyefika pwani na kurudi alionekana ameiva. Vijiji vya njiani vikalima chakula cha kuwauzia wapagazi, Tabora ikakua pale njia zilipokutana, na Kiswahili kikaingia bara pamoja na mizigo ile. Bila shaka palikuwa na sababu nyingine, pembe za ndovu zikiwa mbele, lakini umbo la maisha yale ya njiani lina alama ya nzi mmoja kila mahali.

Au itazame nyumba. Ukiingia nyumba kongwe ya mawe Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, utaona vyumba virefu na vyembamba. Dari imelala juu ya boriti za mkoko, na boriti haivuki upana mkubwa, kwa kawaida mita mbili na nusu hadi tatu. Fundi hakuwa na hiari. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini kwenda Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ni adimu, na vyumba vya huko navyo vikafuata kipimo cha mikoko ya Lamu na Rufiji. Kwa hiyo unapobuni jumba la mfalme usiseme tu ni kubwa. Sema dari imebebwa na nini, na huo mti ulikatwa wapi.

Safu za Tambiro, kwa kifupi:

Halungo ina maji, mbao na ndizi. Nyama ni ya taabu. Chumvi hakuna, jua la kutosha hakuna.

Dosi ina ng'ombe, chumvi na jua. Maji ni ya taabu wakati wa kiangazi. Kuni hakuna.

Lemba ina samaki, vyombo vya baharini, nguo na chuma cha wageni. Chumvi ni ya taabu. Samaki hawakauki wakaiva kwa sababu ya mvua, na hicho ndicho kilio chao cha kila siku.

Hatua ya 5: Weka ajabu moja, uifuate hadi jikoni

Sasa, na sasa tu, lete uchawi, mnyama asiyekuwepo, au jambo lolote linaloutofautisha ulimwengu wako na huu wetu. Weka moja. Ukiweka kumi hutaweza kuzifuata, na ajabu isiyofuatwa inabaki pambo.

Ajabu ya Tambiro ni jiwe. Linachimbwa Halungo peke yake, ukubwa wake kama kichwa cha mtoto, rangi ya majivu. Likianikwa juani siku tatu mfululizo bila kuguswa na tone la mvua, hunywa joto na kugeuka jekundu kwa ndani. Baada ya hapo hutoa joto kwa usiku kumi: linatosha kupikia, kupashia nyumba, kukaushia nguo. Usiku wa kumi na moja ni jiwe tu, mpaka lianikwe tena. Likinyeshewa kabla halijashiba, hesabu inaanza upya.

Kwa ajabu yoyote utakayobuni, jiulize mambo haya manne kabla ya kuendelea: inatoka wapi, inagharimu nini, inakomea wapi, na inamnyima nani. Mtunzi asiyejibu la tatu atajikuta kila tatizo la hadithi linatatuliwa na uchawi uleule, na hadithi inakufa.

Tazama majibu yanavyozaa. Mawe yako Halungo, lakini Halungo hakuna jua. Jua liko Dosi, lakini Dosi hakuna mawe. Basi watu wa milimani hawana budi kuteremsha mawe yao nyikani yakaanikwe, na watu wa nyikani hupata mawe ya kuwapasha usiku kwa sababu wamekubali kutoa viwanja vya kuanikia. Hakuna anayeweza kumfukuza mwenzake.

Sasa zile namba za hatua ya kwanza zinaanza kazi. Jiwe lililoshiba kwenye ukingo wa nyika likibebwa kupanda mlima, kijiji cha siku mbili juu hulipokea likiwa na usiku nane. Kijiji cha siku nane, upande wa mashariki, hulipokea likiwa na usiku mbili. Wanaoishi huko nyuma wanalipa upagazi uleule kwa robo ya joto. Wao ndio maskini wa Halungo, na umaskini wao umetokana na umbali, wala si uvivu. Pwani, siku sita mbele zaidi, jiwe hufika limekufa siku nne nyuma. Na hebu fikiria baharia ambaye chombo chake ni cha mbao, ambaye moto majini ni hatari kubwa kwake, angetoa nini apate jiwe moja lililo hai. Hapo kuna hadithi nzima, na bado sijamtaja mfalme.

Fuata ajabu yako hadi kwenye vitu vidogo. Jikoni Halungo hakuna moshi, kwa hiyo dari ni nyeupe na watoto hawakohoi. Sufuria zina kitako cha mviringo ili zikae juu ya jiwe. Bibi analala na jiwe la usiku wa tisa miguuni, kwa sababu la usiku wa kwanza linaunguza. Jiwe la usiku wa kumi hupewa mgeni asiyependwa, na kila mtu anaelewa. Misitu haikatwi kwa kuni, kwa hiyo ni minene, kwa hiyo ina chui, kwa hiyo wapagazi hutembea kwa makundi na kengele.

Hatua ya 6: Walete watu, na usiwape tabia moja moja

Kosa ninaloliona zaidi kwenye hadithi za aina hii ni kuwapa jamii nzima sifa moja: hawa ni wakali, wale ni wenye hekima, wengine ni wezi. Hakuna watu wa namna hiyo popote duniani. Anayewatazama kwa mbali huwaona kundi moja. Anayeishi nao anajua nani haongei na nani.

Kwa mgeni, watu wa Kilimanjaro wote walikuwa Wachaga. Lakini katika karne ya 19 mlima ule ulikuwa na watawala wengi, kila eneo na mangi wake, na uhasama kati ya Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho ulikuwa mkali kuliko ugomvi wao na watu wengi wa nje. Hata maji yaligawanywa kwa utaratibu: mifongo, ile mifereji iliyochimbwa kuyatoa maji ya mito hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya familia, ilikuwa na wenyewe, zamu zake na kesi zake. Ukitaka kujua watu wanaishije, usiulize wanaamini nini kwanza. Uliza nani anafungua maji leo.

Wala usifikiri kila jamii lazima iwe na mfalme. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wameishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali bila kuwa na machifu. Hata asali wanaifikia kwa msaada wa ndege mdogo anayewaita na kuwaongoza mpaka kwenye mti wenye nyuki. Mtu akikuambia hili ni la kubuni ungemsifu kwa ubunifu wake.

Kwa hiyo, kwa kila jamii, andika mgawanyiko wa ndani usiopungua miwili. Wahalungo wamegawanyika kati ya koo za magharibi zilizo karibu na jua na koo za mashariki zinazogandamana na baridi. Humohumo, wachimbaji wa mawe wanawadharau wapagazi, na wapagazi ndio wenye fedha. Wadosi wana marika: vijana wanaolinda viwanja vya kuanikia, na wazee wanaoamua kiwanja gani apewe nani. Vijana wanaona wazee wamewauzia jua kwa bei rahisi. Walemba wana familia za zamani za nahodha na familia za wageni waliokwama na upepo vizazi vingi nyuma, na bado kuna misikiti ya hadithi, au mahekalu, au chochote ulichowapa cha ibada, ambamo hawa hukaa mbele na wale nyuma.

Kisha wape chakula. Mlo mmoja wa kawaida, mlo mmoja wa sherehe, na kitu kimoja ambacho hakiliwi. Chakula kitoke kwenye zile safu tatu: Mhalungo anapika ndizi kwa chumvi ya Chumbati, na chumvi anainyunyiza mbele ya mgeni, hadharani, ili ionekane.

Hatua ya 7: Panga jinsi wanavyogombana na jinsi wanavyoendelea kununua

Vita huvutia, lakini kitu kinachonigusa zaidi ni soko linaloendelea wakati wa vita. Wakikuyu na Wamaasai walivamiana na kuibiana ng'ombe kwa vizazi, ilhali wanawake waliendelea kuvuka na mizigo ya vyakula kwenda kubadilishana na wenzao wa upande wa pili. Nani anaruhusiwa kuvuka mpaka nchi ikiwa vitani? Jibu lako kwa swali hilo litakupa mhusika mkuu mzuri kuliko jemadari yeyote.

Baada ya vita, watu hufanyaje waishi tena pamoja? Kwetu kuna jibu ambalo bado sijaliona likitumika vya kutosha katika hadithi za ajabu, nalo ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19. Leo ni watani: wanatupiana maneno ambayo kutoka kwa mwingine yangeleta ngumi, na msibani mtani ana ruhusa na wajibu wake. Uadui umegeuzwa kuwa haki ya kucheka pamoja. Mbunie mtani shujaa wako, mtu wa kabila lililomuua babu yake, ambaye anaruhusiwa kumnyang'anya kofia mbele ya mkutano, naye hana haki ya kukasirika.

Tambiro: siku ya kuanika, silaha zote huachwa kwenye mti mmoja ukingoni mwa nyika. Mpagazi wa mawe haguswi, hata kama kaka yake yumo vitani. Anayemwaga maji juu ya jiwe linaloanikwa amefanya kosa kubwa kuliko kuua, na adhabu yake wanaihukumu wanawake wa pande zote mbili.

Hatua ya 8: Zika msiba mmoja chini ya nchi

Nchi isiyo na jambo la zamani linalouma ni nyepesi. Msiba mmoja unatosha, mradi alama zake zibaki wazi. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe kwa wingi mno Afrika Mashariki. Wamaasai walipoteza mifugo yao, wengi wakafa kwa njaa, wengine wakaenda kutafuta hifadhi kwa majirani wakulima. Malisho yaliyobaki bila mifugo yakaota vichaka, na vichaka vikamkaribisha mbung'o. Mlima wa volkano Tambora, huko Indonesia, ulipolipuka mwaka 1815, mwaka uliofuata sehemu za Ulaya na Marekani zilikosa kiangazi cha kawaida, na mazao yakaharibika mbali kabisa na mlima wenyewe.

Huo wa pili nimeuhamishia Tambiro. Vizazi vitatu vilivyopita jua lilifunikwa na vumbi la mlima uliolipuka ng'ambo ya bahari. Mawe hayakushiba. Watu wa Halungo waliteremka nyikani kwa maelfu, na Wadosi walichinja ng'ombe wao kuwalisha. Deni hilo halijalipwa. Kila mkataba wa kuanika unaanza kwa kulitaja, na kila kijana wa Halungo amechoka kulisikia.

Hatua ya 9: Majina, lugha na saa

Kwa kila lugha chagua sauti chache na uzishikilie. Wadosi wangu hawana *r* wala *z*. Walemba wana majina marefu yanayotaja baba na chombo. Basi, hiyo inatosha kumfanya msomaji ajue mtu anatoka wapi kabla hujamwambia. Kamusi nzima haihitajiki.

Usidhani kwamba washindi huacha lugha yao kila wanapopita. Wangoni walitoka kusini kabisa mwa Afrika, wakavuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na njiani waliwameza watu wa makabila mengi. Kingoni kinachozungumzwa Songea leo kiko karibu zaidi na lugha za majirani zake kuliko na Kizulu. Jina la watu lilibaki, na ndimi za mama zao wa huku zikashinda.

Saa nazo hutoka kwenye ardhi. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na hilo linafaa kwa sababu karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Kule ambako majira hurefusha na kufupisha mchana kwa saa nyingi, hesabu hiyo ingewavuruga watu. Wahalungo, wasioliona jua, huhesabu kwa jiwe: juma lao ni usiku kumi, na mtu akisema "nitakuja usiku wa saba" kila nyumba inaelewa jiwe lake liko wapi. Tatizo ni kwamba kila kijiji kimepokea mawe siku tofauti, kwa hiyo mapatano kati ya vijiji huhitaji mtu wa kuoanisha hesabu. Mtu huyo nimempa cheo, nyumba karibu na njia, na maadui.

Hatua ya 10: Mpitishe mtu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Usiandike hadithi bado. Andika safari moja tupu, kurasa tatu au nne, ya mtu wa kawaida anayevuka nchi yako yote. Mimi nimemchagua msichana mpagazi, Naluma, anayebeba mawe mawili kutoka ukingo wa Dosi kwenda pwani. Kila siku ya safari jibu: amelala wapi, amekula nini, amelipa kwa nini, nani amemzuia, amesema lugha gani, na jiwe liko usiku wa ngapi.

Penseli ishike karibu, maana matundu hujitokeza hapa. Siku ya tatu Naluma anahitaji maji, na ramani haina kijito upande ule: chora. Siku ya tano anafika kijiji cha mashariki ambacho watu wake wamekaa usiku tatu bila joto, na yeye amebeba mawe mawili yaliyo hai ambayo si yake. Kwa nini hawamnyang'anyi? Ile sheria ya mpagazi kutoguswa haitoshi kwa mtu mwenye mtoto anayetetemeka. Nilipofika hapo ilinibidi nirudi hatua ya saba na kuongeza desturi: mpagazi akilala kijijini, jiwe lake lazima lilale katikati ya nyumba, na kila mwenye mtoto mchanga ana haki ya kuingia kulala hapo. Sasa kila usiku wa safari yake nyumba imejaa akina mama na watoto wachanga wasiomjua, na mwenye mali pwani anaambiwa jiwe lilifika limekufa kwa sababu ya umbali.

Fanya safari hiyo tena ukimtumia mtu wa jamii nyingine, akitokea upande wa pili. Mahali ambapo wawili hao watapishana njiani, weka alama kwenye manila, na uanze sura ya kwanza hapo.